Umeme umefika, friji ya chanjo imezima: sera ya nishati inagusaje malengo mengine?

Muuguzi Mpangaji (mwanzisha mada)

Habari zenu wadau. Nimekuwa nasoma humu kimyakimya kwa muda mrefu, leo naomba mnisaidie.

Nilifanya kazi ya uuguzi kwa miaka 14, mingi kati ya hiyo kwenye chumba cha chanjo. Baadaye nikahamishiwa kwenye mipango, na sasa niko kwenye timu inayoandika sera ya nishati. Nimekabidhiwa sura inayoitwa "Uhusiano na Malengo ya Maendeleo Endelevu". Nimepewa jedwali lenye mistari 17, mmoja kwa kila lengo, na kazi yangu ni kupaka rangi: kijani pale sera inaposaidia lengo, nyekundu pale inapoliumiza. Rasimu niliyoikuta ni kijani tupu, tangu lengo la kwanza la umaskini mpaka la 17 la ubia. Nyekundu hakuna hata moja.

Kinachoninyima usingizi ni hiki. Kituo cha afya nilichokuwa nafanya kazi kiliunganishwa na gridi nikiwepo. Tulishangilia siku ile. Kwenye takwimu kikaingia upande wa "vyenye umeme" na hakijatoka humo. Mwaka uliofuata transfoma iliungua siku mbili baada ya mimi kuanza likizo, na ya kubadilisha haikupatikana. Mwenzangu aliyebaki zamu alikuwa peke yake, hana usafiri wa kupeleka chanjo kwingine. Niliporudi baada ya siku 12 nilifungua friji, kipimajoto kikasoma nyuzi 29. Chanjo zinatakiwa zikae kati ya 2 na 8.

Kwa wasiojua: vichupa vingi vya chanjo vina lebo ndogo yenye duara, na ndani ya duara kuna mraba wenye rangi nyepesi kuliko duara. Joto linavyojikusanya, mraba unakolea taratibu. Ukilingana rangi na duara, au ukaipita, chupa hiyo haipewi mtoto yeyote. Nilizitoa moja moja nikazipanga mezani karibu na dirisha ili nione vizuri. Ya polio ya matone ndiyo huwahi kuharibika, na miraba yake yote ilikuwa imeshaiva. Nje kina mama walikuwa wamekwisha kukaa kwenye benchi. Nilitoka nikawaambia warudi wiki ijayo. Wengine walikuwa wametembea saa tatu. Kwenye rejista, mstari wa mtoto mmoja ulibaki mtupu mpaka nilipohama.

Sasa niambieni, hilo linaingia wapi kwenye jedwali langu? Shabaha ya kwanza (kila lengo limegawanywa katika shabaha ndogo ndogo) ya lengo la 7, lile la nishati, hupima umeme kwa asilimia ya watu waliofikiwa. Kituo chetu kilihesabiwa kwenye orodha nyingine, saa ambazo umeme haupo hazikuhesabiwa popote. Kuna aliyewahi kuandika sura ya namna hii kwa ukweli? Alianzia wapi?

---

Mchambuzi wa Bajeti

Dada, pole kwa hayo. Na hongera kwa kukataa kusaini kijani tupu.

Anza kwa kuachana na rangi mbili. Mwaka 2016 mtafiti Måns Nilsson na wenzake walipendekeza kipimo cha ngazi saba cha jinsi malengo yanavyogusana. Juu kabisa ni +3, malengo yasiyotenganishika: ukipata hili umepata na lile. +2 ni pale moja linapoliimarisha jingine. +1 ni pale linapoliwezesha tu. Sifuri hayagusani. Upande wa chini, -1 linabana, -2 linapingana, na -3 linalifuta kabisa lengo jingine.

Ukisoma kisa chako kwa kipimo hicho, umeme wa gridi na chanjo ni +1. Umeme umefungua mlango, lakini kuna mtu lazima apite na friji inayofaa, transfoma ya akiba, na fungu la matengenezo kwenye bajeti ya afya. Aliyepaka kijani alichukua +1 akaisoma kama +3. Hapo ndipo sera nyingi zinapopotoka, kwa sababu wizara ya nishati inajisifia afya, na wizara ya afya haina habari kwamba imesifiwa.

Pia usimkubalie mtu anayekwambia hakuna nyekundu. Malengo haya yana shabaha 169. Mwaka 2018 mtafiti Francesco Fuso Nerini na wenzake walichapisha uchambuzi wa shabaha zote hizo: walikuta ushahidi wa kusaidiana na lengo la nishati kwenye shabaha 143, na ushahidi wa kugongana kwenye 65. Jedwali lisilo na mgongano hata mmoja halijatazamwa.

Mimi mgongano niliouishi ni wa ruzuku ya mafuta. Kila bajeti tuliyoandaa ilisema ruzuku ipo kwa ajili ya maskini. Watafiti wa Shirika la Fedha la Kimataifa walipochambua nchi zinazoendelea mwaka 2012 walikuta moja ya tano ya kaya tajiri zaidi inapata ruzuku ya mafuta karibu mara sita ya ile moja ya tano ya chini kabisa. Ni jambo la wazi ukilifikiria, maana mwenye magari mawili hujaza mafuta mengi kuliko asiye na gari. Lakini ukiiondoa ghafla, nauli inapanda kesho yake asubuhi, na anayeumia kwanza ni yule yule uliyesema unamlinda. Ecuador ilifuta ruzuku Oktoba 2019, na ndani ya wiki mbili maandamano yaliirudisha. Iran mwaka 2010 ilipandisha bei pia, tena kwa kiwango kikubwa, lakini fedha za fidia ziliwekwa kwenye akaunti za kaya kabla bei hazijabadilika. Watu waliziona kwanza. Baadaye mfumuko wa bei ulizila zile fedha, hilo nalo liandike, lakini mpangilio ule wa kutanguliza fidia ndio uliofanya siku ya kwanza ipite.

Kwa hiyo kwenye kila mstari wa jedwali andika mambo mawili pembeni ya alama: nani analipa, na analipwa fidia lini.

---

Fundi Pampu

Mimi si mtu wa sera, ni fundi. Nafunga pampu za sola kwenye mashamba. Nina jambo la kuongeza kwa sababu nadhani mistari ya chakula na maji kwenye jedwali la huyu dada yote ni kijani, na mimi nimeona inavyogombana kwa macho yangu.

Kabla ya kushusha pampu huwa napima kina cha maji kwa kamba yenye alama, naandika kwenye daftari. Kuna bonde moja nilifunga pampu ya kwanza maji yakiwa mita 18. Mkulima alitoka kwenye dizeli, na nilifurahi naye, kwa sababu dizeli ilikuwa inakula faida yote. Majirani wakaona, wakafunga nao. Mwaka wa tano niliitwa kwenye kisima kile kile, pampu inavuta hewa. Nikashusha kamba: mita 31. Tukaongeza mabomba, tukashusha pampu, maji yakatoka, nikalipwa nikaondoka.

Njiani nikapita kwenye pampu ya mkono ambayo watu wa pale huchotea maji ya kunywa. Silinda yake, sehemu inayovuta maji, ilikuwa mita 24. Mama mmoja alikuwa anasukuma mpini na hakuna kinachotoka isipokuwa sauti ya chuma. Nilisimama pale muda mrefu. Kazi niliyoifanya vizuri ndiyo iliyomkausha.

Sababu yake si ngumu. Ukiwa na dizeli kila lita ya maji ina gharama, kwa hiyo mkulima anazima shamba likilowa. Sola ukishailipia, maji hayana gharama tena, na jua likiwaka pampu inakwenda. Hakuna anayefanya uovu. Pampu haina sababu ya kusimama.

Nilipoanza kutafuta wengine wamefanyaje nikakuta habari za jimbo la Gujarat, India. Kule kati ya 2003 na 2006 walitenganisha nyaya: laini za nyumba, shule na vituo upande wao, umeme saa zote, laini za pampu za mashambani upande wao, saa 8 tu kwa siku, kwa ratiba inayojulikana. Yaani waya ndio uliolinda maji. Halafu kwenye kijiji kimoja cha jimbo hilo hilo, Dhundi, wakulima wenye pampu za sola wakaungwa kwenye gridi wakaanza kuuza umeme uliobaki. Pale kuzima pampu kuna malipo, kwa hiyo mtu anafikiria mara mbili kabla ya kumwagilia tope.

Sasa hivi sifungi pampu bila mita ya maji. Nimepoteza wateja kwa hilo. Ila sera ikisema mita ni lazima kwenye kila pampu inayopewa ruzuku, sitakuwa peke yangu.

---

Mhandisi wa Gridi

Naheshimu michango iliyotangulia, lakini naona hatari. Mwaka 2023 bado kulikuwa na watu takriban milioni 666 duniani wasio na umeme kabisa. Tukianza kuweka alama za nusu nusu kwenye kila mstari, mradi utakaa mezani miaka mitatu ukisubiri kila wizara itie saini. Nguzo ikisimama, mengine yanafuata. Mfano mzuri ni Afrika Kusini: utafiti wa Taryn Dinkelman wa mwaka 2011 uliangalia vijiji vya KwaZulu-Natal vilivyopelekewa umeme baada ya ubaguzi wa rangi, ukakuta ajira ya wanawake imepanda kwa takriban pointi 9 za asilimia. Hakuna aliyekuwa ameandika mpango wa ajira za wanawake. Walipeleka waya.

Kwa hiyo, dada, usiache jedwali likawa kizuizi. Unganisha kwanza.

---

Muuguzi Mpangaji

Nawashukuru sana. Fundi, nimekusoma mara mbili. Nitaomba ruhusa yako niweke kisa cha mita 18 na 31 kwenye sura, bila jina la mahali.

Mhandisi, nimekuelewa na sikupingi kwenye kasi. Watu waliosubiri umeme miaka yote hawawezi kusubiri jedwali langu. Ila kituo changu kiliunganishwa kwanza, kama unavyosema, na mengine hayakufuata. Kuna friji za chanjo za sola zisizohitaji hata betri, zinagandisha barafu mchana na barafu hiyo inatunza baridi usiku na siku za mawingu. Tungekuwa na moja tu, hata transfoma ilipoungua watoto wangechanjwa. Haikununuliwa kwa sababu kwenye karatasi tulikuwa tayari "tuna umeme". Kuhesabiwa kulitufungia mlango. Hilo ndilo nililoliona, na ndiyo sababu siwezi kupaka kijani nikalala.

Ninachotaka ni jedwali linalofanana na ile lebo ya kichupa. Lebo haikuambii kwamba chanjo ilitengenezwa vizuri. Inakuonyesha joto iliyopitia tangu itoke kiwandani. Mraba unaiva wenyewe mambo yakiharibika, hata kama aliyeipeleka amekwisha kuandika ripoti ya mafanikio. Kwa hiyo nafikiria kila mstari uwe na kitu kimoja kinachopimwa kila baada ya miezi mitatu na mtu asiye wa wizara ya nishati: nyuzi za friji anapima muuguzi, kina cha kisima anapima fundi.

Mstari ambao bado unanishinda ni wa kupikia. Nishati safi ya kupikia iko ndani ya lengo la 7, inasaidia afya, inasaidia wanawake. Lakini wenzangu wa tabianchi wanasema gesi ni nishati ya kisukuku, inayochimbwa ardhini kama petroli na makaa ya mawe, na hawataki kuiona kwenye sera. Nimekwama katikati.

---

Afisa Afya ya Jamii

Muuguzi mwenzangu, hapo naomba nikusemeshe kwa uchungu kidogo, kwa sababu nimesikiliza vifua vya watoto wengi waliokulia kwenye moshi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, na kati yao zaidi ya 237,000 ni watoto wa chini ya miaka mitano. Watu takriban bilioni 2.1 bado wanapikia kuni, mkaa, kinyesi cha mifugo au mafuta ya taa. Hawa si watu walioijaza anga hewa ukaa. Kumwambia mama aendelee kupuliza kuni kwa ajili ya lengo la 13, lile la tabianchi, wakati nchi zilizotajirika zinapikia gesi na umeme, mimi siwezi, na sidhani kama kuna mtu angeweza akiwa amesimama ndani ya jiko hilo. Tena kuni mbichi zinazofuka zinatoa masizi na methani, na pale msitu unapokatwa kuliko unavyoota, hewa ukaa yake nayo hairudi ardhini. Ukiweka vyote kwenye mizani, mzigo wa gesi ya kupikia kwa tabianchi ni mdogo kuliko unavyosikika mkutanini. Penye umeme wa uhakika, jiko la umeme ndilo bora, na sera iseme hivyo wazi. Pasipo na umeme huo, gesi iruhusiwe, na muda wake utajwe.

Lakini usiishie kwenye kugawa mitungi. India ilianzisha mpango wa Ujjwala Mei 2016, gesi kwa kaya maskini, na usajili uliandikwa kwa jina la mwanamke wa nyumba hiyo, jambo zuri kweli. Kufikia Septemba 2019 walikuwa wamefikisha kaya milioni 80. Ni kazi kubwa mno kwa miaka mitatu. Tatizo likaja kwenye kujaza mtungi mara ya pili na ya tatu. Nyingi ya kaya hizo zilijaza mara chache, kuni zikaendelea kuwaka pembeni. Mapafu hayajui kwamba una mtungi. Yanajua moshi uliouvuta leo.

Indonesia tangu 2007 iliwatoa watu kwenye mafuta ya taa kwa kugawa mitungi midogo ya kilo 3, na ruzuku ikahama kutoka mafuta ya taa kwenda kwenye gesi. Mtungi mdogo unajazika hata kwa kipato cha siku, na hilo lilisaidia sana. Kasoro yake ni ile aliyoisema Mchambuzi: hata wenye uwezo waliingia kwenye foleni ya mtungi wa ruzuku.

Kwenye jedwali lako kipimo kisiwe idadi ya mitungi iliyogawiwa. Uliza kaya ilijaza mara ngapi ndani ya mwaka. Na uliza nani anaokota kuni siku mtungi ukiisha. Karibu kila mara ni msichana, na saa hizo zinatoka kwenye shule.

---

Mtoto wa Bwawani

Mimi nina moja tu. Msisahau wanaohamishwa. Bwawa la Kariba, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, lilipojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, Watonga wapatao 57,000 waliondolewa kwenye bonde la Zambezi, na wengi wao waliishi miaka mingi bila umeme huku nyaya za bwawa lile zikipita. Tume ya Dunia ya Mabwawa mwaka 2000 ilikadiria watu kati ya milioni 40 na 80 wamehamishwa na mabwawa duniani. Babu yangu ni mmoja wa waliohamishwa na bwawa jingine, ambalo sitalitaja. Aliahidiwa shamba na umeme. Shamba alipata, la mawe. Kwenye sera zote za nishati nilizosoma, umeme wa maji uko upande wa "safi", mstari unaishia hapo.

Naomba mstari wa lengo la 10, la kupunguza tofauti kati ya watu, uwe na swali: waliotoa ardhi, wameunganishwa lini?

---

Mhandisi wa Gridi

Nimerudi kusoma. Hilo la babu wa mwenzetu sina jibu lake. Na kwenye transfoma nakubali: tulikuwa tunapanga fedha za kuunganisha na hatupangi za akiba, kwa sababu mfadhili anapenda kuona nguzo mpya. Nilishawahi kusaini mpango wa namna hiyo. Kama sura yako inaweza kudai kwamba kila laini mpya ije na transfoma za akiba na fungu la matengenezo la miaka kadhaa, nitakuandikia hesabu zake. Nitumie idadi ya vituo vya afya na umbali wake kutoka laini kuu.

---

Muuguzi Mpangaji

Mhandisi, nakutumia leo jioni. Vituo ni 43, nina umbali wa 38 kati yake, vitano vilivyobaki nitapiga simu.

Nimeanza kuandika upya. Nimeondoa rangi, nimeweka zile ngazi saba. Afya imeshuka kutoka kijani hadi +1, na pembeni nimeandika "friji, transfoma ya akiba, fungu la matengenezo: bado havina mwenye kulipa". Chakula nimekipa +2 na maji -2 kwenye mradi ule ule wa pampu, mistari inafuatana ili msomaji asiweze kusoma mmoja akauruka mwingine. Sharti la mita ya maji limeingia kwenye maandishi ya ruzuku yenyewe. Kupikia kunapimwa kwa kujaza, si kwa kugawa. Swali la waliotoa ardhi nimeliweka kama lilivyoandikwa humu, sikubadilisha neno.

Mwenyekiti wa kamati ameiona rasimu asubuhi. Ameniuliza kwa nini nimeharibu jedwali lililokuwa limekwisha kupitishwa. Nilikuwa na kichupa kimoja kitupu cha siku ile, nilikihifadhi kwenye droo miaka yote hii. Nilimwekea mezani nikamwonyesha mraba. Amekishika muda mrefu akiuliza maswali, jinsi unavyosomwa, nani anausoma, inachukua muda gani kuiva. Kikao ni Alhamisi, na amesema sura iingie kama ilivyo, ijadiliwe mstari kwa mstari. Fundi, kama una picha ya lile daftari la vina vya visima, ukurasa mmoja tu unatosha, nitaomba kabla ya Jumatano.